Chai ya Olow Ilivyozunguka Dunia

Toronto, 14 Machi 1998

Eeddo Weris mpendwa,

Assalamu alaykum. Mimi ni mzima. Abti Nuh naye ni mzima, isipokuwa goti lake linamsumbua kila theluji inapoanguka. Anasema goti la Garissa halikuumbwa kwa nchi hii. Mwambie mama kwamba koti nimenunua na ninalivaa, asihangaike. Tulisikia habari za mafuriko na jinsi barabara ilivyokatika, kisha kimya. Je, nyumba imesimama? Taar inafanya kazi? Bado nakuona mbele ya redio hiyo katika chumba cha Mohamedamin mwenye mitambo, ukiita Wajir, ukiita Elwak, huku watu wamejaa mlangoni wakingoja zamu ya kusikia sauti za jamaa zao.

Eeddo, nimefanya jambo ambalo ningependa ulijue wewe kwanza, kwa kuwa wewe ni dada wa baba.

Chuoni kwetu kuna kompyuta zilizounganishwa na intaneti. Mtu anaweza kutengeneza ukurasa wake bure. Ukurasa ni kama ubao wa matangazo, ila mtu yeyote duniani mwenye kompyuta na simu anaweza kuusoma saa yoyote, na hakuna anayeubandua. Nimetengeneza wangu. Nimeandika jina la baba, la babu na la babu mkubwa, rangi ya lori alilokuwa akiendesha, na kwamba alionekana mara ya mwisho mwaka wa 1991. Chini nimeandika: Aliyemwona Guleid aniandikie.

Lakini ukurasa usiojulikana anwani yake ni kama duka lililofunguliwa jangwani. Chini kabisa kuna kibao kinachohesabu wageni. Kimefika hamsini na tatu, na nadhani hamsini ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo nilitafuta kurasa za Wasomali wengine walioko ng'ambo. Nyingi zina daftari la wageni, na zina orodha ya anwani ambazo mwenye ukurasa amezipenda, ukibonyeza moja unafika huko mara hiyo. Niliandika tangazo langu katika kila daftari, lile lile, neno kwa neno. Wengine walilifuta. Mtu mmoja wa Oslo aliniandikia maneno mawili tu: "Unamtakia nini?"

Abti ameniambia kwamba wajomba wenzake wanataka mama aende kwa kadhi, baba ahesabiwe kuwa amekufa, naye awe mjane. Kabla hilo halijafanyika nataka niwe nimetafuta. Nitumie picha yake kama ipo. Na uniandikie alipotea wapi hasa. Mlisema ni vita. Vita ni kubwa.

Mwanao,
Abdilatif


Garissa, 2 Mei 1998

Abdilatif, eeddo,

Wa alaykum salaam. Naona unacheka kwa kuwa nami nakuita eeddo, kama unavyoniita mimi shangazi yako. Huko hakuna shangazi wa kukuita jina lake mwenyewe, basi lipokee na ukae nalo.

Nyumba imesimama. Ukuta wa jikoni ulianguka na tumeujenga tena. Baada ya maji ulikuja ugonjwa wa mifugo. Mbuzi walitupa mimba, kisha watu nao wakaanza kuugua, na soko likafungwa. Sasa limefunguliwa. Mama yako Ramlo hajambo. Alisikiliza barua yako yote, akaniomba nisome tena pale penye koti.

Barua ilikaa njiani muda mrefu. Mutuku wa posta alinipa kwa mikono miwili kama mtu anayetoa maziwa, akasema, "Mama Taar, huyu mtoto wako bado analamba stempu? Si wanasema huko barua zinaruka zenyewe?" Nikamwambia zikianza kuruka yeye atauza miraa. Akasema hilo ameshalifikiria.

Nimeisoma mara tatu, na nimeandika katika shajara yangu yale niliyoelewa na yale ambayo sikuelewa. Kwamba ubao mmoja unasomwa Oslo na Toronto kwa wakati mmoja, hilo sikulielewa, lakini nimeliamini, kwa sababu hata taar sijawahi kuielewa na nimekaa mbele yake miaka sita. Nakaa Garissa, mtu anakohoa Masalani, nami namwambia pole. Mpaka leo nywele zinanisimama.

Sasa sikiliza. Ondoa jina la baba yako. Usingoje barua nyingine.

Yule mtu wa Oslo ndiye aliyekuuliza swali la maana. Mtu anayemtaja mwenzake kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na hasemi shida yake, sisi tunadhani ana kisasi. Watu watamficha unayemtafuta hata kama yuko chumba cha pili. Wewe ulikulia hapa, lakini uliondoka kabla hujawa mtu wa kuulizwa habari njiani.

Kwenye taar hakuna anayeanza na shida. Nikimpata Elwak, namwambia, "Warran," naye ananipa habari zake zote: mvua, malisho, nani amefika, nani amejifungua. Kisha ananigeuzia, "Warran," nami nampa zangu. Hapo ndipo shida inatajwa, tena mwishoni, kama kitu ulichokumbuka ukiwa unaondoka. Na Elwak asipomsikia Masalani, mimi hubeba maneno yake nikayapeleka. Nabeba ya watu wote, ndiyo maana watu wote hubeba yangu.

Hilo daftari la wageni ni mlango wa mtu. Wewe umepita milango yote ukipiga kelele za aina moja. Toa habari kwanza. Kama huna habari, mimi ninazo. Nimekukunjia kurasa mbili za yaliyosikika kwenye taar wiki hii, kila jambo na tarehe yake.

Picha haipo. Kuhusu mahali alipopotea, tutazungumza siku nyingine.

Weris


Toronto, 19 Julai 1998

Eeddo Weris mpendwa,

Salamu zifike kwako, kwa mama na kwa ukuta mpya wa jikoni. Abti Nuh ameacha kulalamika juu ya goti, sasa ni joto. Anasema hata joto la hapa halina adabu, linatoka chini.

Nilikasirika kwa siku kadhaa, sitakuficha. Kisha nilifuta jina la baba. Nilinakili habari zako zote kwenye ukurasa, nikatafsiri kwa Kisomali na kwa Kiingereza: kwamba mvua imenyesha Modogashe na malori matatu yamekwama, kwamba kivuko cha Masalani kimetengenezwa, kwamba kisima kilichokuwa na chumvi sasa maji yake ni matamu na hakuna ajuaye kwa nini. Juu kabisa nikaandika mimi ni nani, mtoto wa Garissa, nasoma chuo, mama yangu yupo nyumbani. Warran yangu.

Kisha nikarudi kwenye ile milango, mmoja mmoja. Sikuandika tena maneno yale yale. Yule wa Oslo, niligundua katika ukurasa wake kwamba watu wake ni wa upande wa Masalani, basi nikamwandikia habari ya kivuko tu. Sikuomba kitu. Kesho yake, eeddo, kesho yake! Alikuwa ameweka anwani yangu katika orodha yake, ya pili kutoka juu. Pembeni aliandika: "Huyu anasikia nyumbani."

Wanaosoma orodha yake wakaja kwangu. Mwanamke mmoja wa Melbourne akaichukua anwani kutoka Oslo akaiweka kwake. Wanafunzi wa Minneapolis wakaichukua kwake. Mfanyabiashara mmoja wa Dubai, sijui aliichukua kwa nani. Mimi nami nimeweka orodha yangu, wote hao wamo, na mgeni wangu akitoka kwangu anaenda kwao. Sasa kila Jumamosi naweka habari mpya, na nikichelewa watu wananiandikia: "Garissa leo kumetokea nini?"

Kibao kimepita elfu mbili. Juzi nilikaa mbele yake bila kufanya kitu, nikakiangalia tu. Kinapanda kwa moja, kisha kwa moja tena. Nilifikiri, kila namba ni mtu na ana mikono, amekaa mahali fulani, pengine ni usiku kwake, na anasoma kwamba Mutuku wa posta ana mafua. Yule mama wa Melbourne alisoma habari ya mvua ya Modogashe mimi nikiwa bado nimelala hapa. Ni kama siku ile uliponivalisha vile visikilizio vya taar nikiwa mdogo, nikasikia bahari ya kelele, kisha ndani yake mtu akiita jina la mji wetu.

Lakini baba hayumo katika ukurasa sasa. Watu elfu mbili, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba ninamtafuta. Eeddo, ulisema "siku nyingine". Nimefika umri wa kuulizwa habari njiani. Alipotea wapi?

Abdilatif


Garissa, 6 Septemba 1998

Abdilatif, eeddo,

Hatujambo. Mvua za vuli bado. Habari za taar ziko kwenye karatasi ya pili, nazo ni chache, betri ilikuwa dhaifu.

Nilimwonyesha mama yako barua yako. Aliiacha chai yake ikapoa, kisha akasema, "Mwambie." Basi nakuambia kwa ruhusa yake, kwa sababu yeye ndiye aliyetaka usijue. Hakutaka ukue ukidhani baba yako ni mtu wa kukimbia.

Baba yako hakupotea vitani. Mwaka ule alikuwa akitoka Wajir na mzigo, na watu wamekaa juu ya mzigo kama kawaida. Kabla ya kufika Modogashe tairi ilipasuka, lori likalala ubavu. Kijana mmoja alikufa pale pale. Alikuwa mdogo wake Olow, yule mwenye duka la ngozi ambaye uliogopa ndevu zake. Guleid alimfunika kwa shuka yake mwenyewe, akamlaza kivulini, kisha akatembea kuelekea mpakani kwa kuhofia kisasi. Hakuna aliyemwona tena.

Wazee wa pande zote mbili walikaa. Walikwenda kuiona ile tairi. Walisema ni ajali, diya ya damu ya kijana yule ikatolewa kwa ngamia kama inavyotolewa, watu wakapeana mikono. Lilikwisha mwaka wa 1993. Olow mwenyewe ndiye aliyesoma dua.

Lakini Guleid hajui kwamba limekwisha. Mara mbili tulituma watu wavuke wamtafute, na mara mbili tulisikia kwamba mtu anayefanana naye alihama siku aliyosikia anaulizwa. Ndiyo maana sijawahi kumwita kwenye taar. Nikimwita, nitamsukuma mbali zaidi. Na ndiyo maana niliogopa ulipolitandaza jina lake duniani kote.

Wajomba wako wamepanga na kadhi. Itakuwa baada ya Idd. Mama yako hasemi ndiyo wala hapana. Anaosha vikombe vilivyo safi.

Olow hunywa chai kwetu kila Ijumaa baada ya swala. Alianza mwaka ule ule wa 1993 ili watu waone kwamba yamekwisha, na sasa amezoea. Anataka sukari vijiko vinne na analalamika kwamba ni vitatu.

Weris


Toronto, 1 Novemba 1998

Eeddo,

Salamu kwa wote. Abti hajambo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama ngazini, sikuweza kupanda wala kushuka. Nilikasirikia kila mtu kwa zamu, nawe ulikuwa wa tatu. Zamu zimekwisha.

Nimefikiria hivi. Jina lake haliwezi kutajwa. Kuandika kwamba "yamekwisha" hakusaidii, hata mwenye kisasi angeandika hivyo. Lakini nani angebuni habari ya vijiko vya sukari?

Kwa hiyo tangu jana ukurasa wangu una habari ya kawaida, katikati ya zile za mvua na lori. Imeandikwa: "Garissa, Ijumaa. Olow mwenye duka la ngozi alikunywa chai nyumbani kwa Weris wa taar, kama kila Ijumaa kwa miaka mitano. Amelalamika tena kwamba sukari ni kidogo. Ramlo amemwambia akanywe chai kwake." Maneno ya mama nimebuni. Muulize kama nimekosea.

Nitaiweka kila wiki. Wewe niambie tu alilalamika nini.

Na jambo moja zaidi. Yule mfanyabiashara wa Dubai ameniandikia kwamba huchapisha ukurasa wangu kwenye karatasi na kuutia ndani ya marobota ya nguo anayopeleka dukani kwa binamu yake Billow, Elwak. Huko hakuna kompyuta hata moja. Billow hubandika karatasi ukutani penye mkahawa, na asiyejua kusoma husomewa. Eeddo, nilidhani ukurasa wangu unaishia penye kompyuta. Sikujua kwamba una miguu.

Abdilatif


Garissa, 4 Februari 1999

Abdilatif, eeddo, mwana wa kaka yangu,

Mutuku ameniuzia stempu ya haraka, akasema, "Leo unaandika kama mtu anayefukuzwa." Nimemjibu leo ni kinyume chake.

Idd ilikuwa njema. Nguo uliyomtumia mama yako ilimtosha. Maneno uliyombunia, alisema ungemwekea makali zaidi.

Nitakueleza kwa utaratibu, kwa kuwa nikianza na mwisho nitashindwa kuendelea.

Ijumaa, tarehe 22 Januari. Kadhi alikuwa amepanga Jumatatu. Nilikuwa na kazi nyingi, kwa hiyo Olow alipotoka msikitini hakunikuta nyumbani, akanifuata kwenye taar na birika mkononi. Mama yako ndiye aliyempa, akamwambia, "Peleka wewe, mimi si mtumishi wenu." Akakaa kwenye gunia nyuma yangu akimimina.

Elwak akaita. Ni Billow, yule anayebandika karatasi yako. Tukapeana habari kama siku zote, mvua hakuna, malisho yamekwenda mashariki. Kisha akasema, "Garissa, hapa kuna mtu anataka kusema nawe. Jina hataki kutoa. Amekuja na ngamia wa watu kutoka ng'ambo ya mpaka, amekuwa akisikia karatasi yenu ikisomwa. Jana alinisomesha kipande kimoja mpaka koo likakauka. Nimemwambia kuuliza si dhambi."

Nikasema, "Mlete."

Kelele tu, kama unavyozijua. Kisha sauti ya mtu mzima, nzito, ikasema, "Garissa, nabad." Nikajibu nabad, amani. Akatoa habari zake. Bonde fulani lina maji. Ngamia mmoja amezaa pacha, wote wamekufa. Barabara ya huku ni mbaya. Alizitoa zote bila kuruka, nami nikainama karibu zaidi na chombo, kwa sababu huyo mtu hutamka jina la mji wetu kama marehemu baba yetu alivyolitamka.

Mwishoni kabisa, kama mtu aliyekwisha kuaga, akauliza, "Huyo Olow mnayemwandika, ndiye yule mwenye duka la ngozi? Bado anakunywa chai huko?"

Nyuma yangu kikombe kiliwekwa chini. Olow alinyoosha mkono juu ya bega langu, akachukua maikrofoni. Hajawahi kuigusa maisha yake yote, aliishika kama mtu anayeshika ndege. Akasema:

"Guleid. Mimi ni Olow. Sukari ni kidogo. Warran."

Najua wakati ule vituo vyote vilikuwa vikisikiliza, Wajir, Modogashe, Masalani, na hakuna hata mmoja aliyeingilia. Nilizisikia zile kelele zikienda na kurudi, na nikafikiri safari ya maneno haya. Nilikuandikia kuhusu chai kwa kalamu hapa hapa Garissa. Yakaenda kwako Toronto, yakaenda Oslo, Melbourne, Dubai, yakaingia ndani ya robota la nguo, yakapanda lori, yakabandikwa ukutani, yakasomwa kwa mtu aliyekuwa karibu nasi miaka yote hii, yakarudi juu ya meza ile ile yalipoandikiwa. Dunia nzima imezungushwa ili kaka yangu avuke mpaka mmoja. Subhanallah. Hata sasa nikiandika sijui niiweke wapi habari hii ndani yangu.

Kisha akajibu, polepole. "Nabad, Olow. Nabad."

Mtu akakimbia kumwita mama yako. Alikuja na unga mikononi. Alimsikiliza, hakulia. Alipopewa maikrofoni alisema, "Umekonda?" Guleid akasema, "Kidogo." Mama yako akasema, "Basi usije hivyo, kula kwanza," akanirudishia chombo, akatoka nje akasimama juani.

Jumatatu wajomba walikwenda kwa kadhi peke yao kumwambia hakuna kesi.

Amefika jana. Dereva alimpa kiti cha mbele naye alikataa, alikaa juu ya mzigo njia yote. Walipofika mahali pale kabla ya Modogashe aliomba lori lisimame, akashuka, akasoma dua, akapanda tena. Sasa amelala chumba chako. Ana mvi. Ameniuliza wewe ni mrefu kiasi gani, nikamwonyesha kwenye mlango, akaweka kiganja chake pale akakiacha.

Atakuandikia mwenyewe, akishapumzika. Ameuliza kama watu waliobeba yale maneno wanaweza kushukuriwa. Nimemwambia wataona wenyewe. Weka hii Jumamosi, hivi hivi, usiongeze jina:

"Garissa, Jumatano, 3 Februari. Mvua bado. Lori la Elwak limefika adhuhuri. Abiria wote wameshuka salama. Olow alikuja kunywa chai ijapokuwa si Ijumaa, na leo hakulalamika."

Weris